Meno ya Kahawia Hayaanzi Darasani

Mtoto wa gredi ya nne akicheka na meno yake ya mbele yakaonekana yana mistari myeupe ya chaki au madoa ya kahawia, maelezo yako tayari kabla hajafunga mdomo. Hapigi mswaki. Amezidisha mabuyu. Kwao wanakunywa maji ya chumvi. Hapa Malindi hilo la mwisho ndilo lenye wafuasi wengi, maana maji ya chumvi tunayo na malalamiko juu yake hayajawahi kuisha. Basi mtoto hununuliwa mswaki mpya, meno yakasuguliwa kwa mkaa na ndimu, na doa likabaki palepale.

Doa hilo, likiwa limetoka na jino lenyewe na likionekana pande zote mbili za kinywa, mara nyingi ni florosisi: alama ya floraidi, madini yanayopatikana hasa kwenye maji, iliyozidi mwilini wakati jino lilikuwa bado linajengwa ndani ya taya. Florosisi tunaitafuta shuleni, tunaihesabu shuleni, kampeni zake tunazipeleka shuleni, ilhali madhara yalishafanyika kabla mtoto hajavaa sare. Miaka inayoamua ni ile ya kliniki na chekechea. Katika miaka hiyo mtoto wa Malindi yuko mikononi mwa serikali ya Kaunti ya Kilifi karibu kwa kila kitu, na ndiko shinikizo linakopaswa kuelekezwa.

Tuanze na chumvi, kwa sababu ndiyo inayopoteza watu. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi kwa lita, na floraidi miligramu 1.3 hivi tu. Chukua kisima cha karibu na ufuo ambacho bahari imekiingilia mpaka sehemu moja katika kumi ya maji yake ni ya bahari. Kitakuwa na gramu 3.5 za chumvi kwa lita. Chai yake hainyweki, na wali wake hauhitaji kutiwa chumvi. Floraidi iliyoletwa na bahari humo ni miligramu 0.13 kwa lita, chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya, ambacho ni miligramu 1.5. Chumvi ina madhara yake, hasa kwa mwenye presha, lakini si yo inayopaka meno rangi. Hatari iko upande wa pili. Floraidi haina ladha, harufu wala rangi, na maji matamu yanayosifiwa na kijiji kizima yanaweza kuwa nayo.

Kenya ni miongoni mwa nchi zenye floraidi nyingi ardhini, na chanzo kinajulikana: miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Nakuru, Naivasha, Baringo, Kajiado na sehemu za Nairobi ndiko kwenye mzigo mzito. Utafiti wa Nair, Manji na Gitonga uliochapishwa mwaka 1984, uliokusanya sampuli za visima zaidi ya 1,200 nchini, ulikuta asilimia 61 vina zaidi ya miligramu 1 kwa lita, na karibu kimoja katika kila vitano kina zaidi ya miligramu 5. Malindi haimo katika ukanda huo, na kuihamishia hofu ya Nakuru huku ni kupotosha watu.

Mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Maji yanayopita kwenye matumbawe hubeba kalisi nyingi, na kalisi ikikutana na floraidi huishika ikatua pamoja nayo, isiyeyuke tena kwa urahisi. Kwa hiyo birika likijaa ukoko mweupe na sabuni ikakataa kutoa povu, kwa upande wa floraidi hiyo ni dalili ya heri, ingawa si cheti. Ukiingia bara, kupita Ganda na Kakuyuni kuelekea Jilore na Langobaya, matumbawe huishia nyuma yako na mawe yakabadilika. Huko kisima kirefu cha mashine kinaweza kutoa maji laini yenye sodiamu nyingi na kalisi kidogo: yanateleza mkononi, sabuni inatoa povu mara moja. Maji ya namna hiyo, hasa yakiwa na pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) ya 8 kwenda juu, ndiyo yenye uwezo wa kushikilia floraidi. Mchimbaji atayasifu kwa ulaini wake, na mpimaji ayatilie shaka kwa ulaini huohuo.

Maji ya bomba ya mji ni habari nyingine. Yanatoka Baricho, kwenye visima vya kando ya mto Sabaki, na Sabaki ni maji ya Athi na Tsavo yaliyokutana, mito ambayo vyanzo vyake viko kwenye miinuko ya volkano. Hiyo ni sababu ya kupima kila mara, wala si ya kutia watu hofu. Chanzo kimoja kikubwa kinachohudumia mji mzima ni rahisi kukisimamia, kwa sababu sampuli moja ikipimwa vizuri imewajibia maelfu ya nyumba. Ugumu uko kwenye visima vya mmoja mmoja: cha shule, cha msikiti, cha kanisa, cha mfadhili aliyekuja likizo akaguswa moyo, na maji ya mkokoteni ambayo hata muuzaji hana hakika ya mitungi ya leo imejazwa wapi. Visima viwili vilivyoachana mita mia chache vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo jibu la kimoja halimfai jirani yake.

Halafu wako watoto wanaohama, na hapa hesabu nyingi za shuleni huharibika. Malindi ni mji wa watu waliokuja kutafuta: hoteli, biashara, ualimu, mashamba ya chumvi ya Gongoni. Lamu nayo ina Mpeketoni, iliyojengwa na familia zilizotoka bara. Mtoto aliyezaliwa Naivasha akaletwa Malindi akiwa na miaka sita atatoa meno yenye madoa hapa, mbele ya macho yetu, akinywa maji ya Baricho yasiyo na hatia. Ndugu yake aliyezaliwa hapa miaka minne baadaye atatoa meno safi. Na mtoto wa Malindi aliyehamia Nakuru akiwa na miaka minane atarudi na meno ya mbele yaleyale aliyoondoka nayo. Kwa hiyo fomu yoyote inayoandika jina, darasa na rangi ya meno bila kuandika mtoto aliishi wapi tangu kuzaliwa hadi miaka sita, na nyumba ile ilichota wapi, ni karatasi iliyopotea bure. Mbaya zaidi, inaweza kufungisha kisima kizuri cha shule na kukiacha wazi kibaya cha kijijini.

Umri unaamua kwa sababu ya namna jino linavyokua. Taji za meno ya mbele ya kudumu huanza kupata madini miezi michache baada ya kuzaliwa, na hukamilika kwenye miaka minne hadi mitano. Kwa yale mawili ya kati ya juu, ambayo ndiyo uso wa tabasamu, kipindi cha hatari zaidi ni takribani miezi 15 hadi 30. Meno hayo hutoka kati ya miaka sita na minane. Maana yake, maji aliyokunywa mtoto akiwa na miaka miwili huonekana akiwa na saba. Gego la pili hukamilisha taji lake kwenye miaka saba au minane, ndiyo maana watafiti husema hatari inaisha kwenye miaka minane, ukiliacha kando gego la mwisho ambalo halionekani. Meno ya utoto huathirika kidogo kuliko ya kudumu, kwa sababu sehemu kubwa ya enameli yake hujengwa mtoto akiwa bado tumboni. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu mwenye meno meupe hana sababu ya kujipongeza mapema.

Enameli, lile tabaka gumu la nje, kwanza hujengwa ikiwa na protini nyingi. Kisha protini huondolewa na madini yakajaa mahali pake. Floraidi ikizidi huchelewesha uondoaji huo. Jino hutoka likiwa na ngozi ngumu juu na vinyweleo vingi, yaani vitundu vidogo sana, chini yake. Likitoka huwa jeupe la chaki, si la kahawia. Ukahawia huja baadaye, vinyweleo vinaponyonya rangi ya chai, ya mabuyu mekundu, ya ukwaju, na hali ikiwa kali, enameli dhaifu humeguka na kuacha vishimo. Hivyo basi mswaki haukusababisha wala hautaondoa. Mkaa na mchanga hukwangua ile ngozi ngumu ya juu, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa nzima, na ndimu huiyeyusha. Baada ya tiba hiyo doa huweza kukolea zaidi.

Si kila doa ni florosisi, na mtu asiyejua kutofautisha asiende shuleni na daftari. Mpangilio sahihi ni huu: mtoto akae ameelekea dirishani, mchana, bila tochi ya simu kwa sababu mwanga wake mkali huficha mistari hafifu. Futa meno kwa kitambaa safi cha bandeji uondoe utando wa chakula. Tazama yakiwa na unyevu, kisha yakauke kwa dakika moja utazame tena. Weupe wa florosisi hujitokeza zaidi jino likikauka. Mpime mtoto ambaye meno ya mbele ya juu yameshatoka yote, yaani kuanzia miaka minane au tisa. Florosisi huja kwa jozi: jino la kushoto na mwenzake wa kulia walijengwa wakati mmoja, wakanywa maji mamoja, basi hufanana. Mistari yake hukata jino kwa ulalo na kingo zake hazina mpaka dhahiri. Doa moja kwenye jino moja tu linaelekea zaidi kwenye pigo au usaha wa jino la utoto lililokuwa juu yake. Weupe ulioshikamana na ufizi, wenye utando, ni mwanzo wa kuoza. Kiraka chenye mpaka mkali, hasa kikiambatana na magego yanayobomoka, ni tatizo jingine la enameli. Rangi inayokwanguka kwa ukucha ni ya chakula.

Ukishatofautisha, kuna madaraja sita ya H. Trendley Dean, daktari wa meno wa Marekani aliyeyapanga miaka ya 1930, na hadi leo yanatosha kwa kazi ya shule: safi hupewa 0, ya kutiliwa shaka 0.5, hafifu sana 1, hafifu 2, ya wastani 3, kali 4. Mtoto hupewa alama kwa kuangalia meno mawili yaliyoathirika zaidi. Yasipolingana, ichukuliwe ya lile lenye nafuu. Jumlisha alama za darasa, gawa kwa idadi ya watoto. Dean alisema jibu likipita 0.6, hilo ni suala la afya ya umma. Tuseme darasa lina watoto 40: safi 20, wa kutiliwa shaka 8, hafifu sana 6, hafifu 4, wastani 2. Alama ni 0, 4, 6, 8 na 6, jumla 24. Gawa kwa 40 upate 0.6, mpakani kabisa. Angalia lakini kwamba nusu ya darasa ni safi, na mwenye kali hayupo hata mmoja. Mwalimu mkuu akipita mlangoni atasema hapa hakuna tatizo, kwa sababu jicho la kawaida linatafuta kahawia, na hesabu inaanzia kwenye weupe. Ila hesabu hiyo ifanyiwe waliolelewa hapa peke yao. Waliotoka kwingine waandikwe kwenye karatasi ya pili.

Maji nayo yana namna yake ya kuchukuliwa. Chupa iwe ya plastiki, nusu lita inatosha. Ya kioo haifai, maana floraidi huweza kushikana na kioo. Pampu iendeshwe dakika kumi maji ya bombani yatoke kwanza, chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, ijazwe, ifungwe, iandikwe jina la kisima, kina chake, tarehe na saa. Haihitaji dawa wala barafu kwa ajili ya floraidi, na inaweza kukaa hadi siku 28 kabla ya kupimwa, kwa hiyo udhuru wa umbali wa maabara hauna miguu. Kosa la kawaida ni kuchukua maji kwenye tangi lililochanganywa na ya mvua au ya boza, halafu jibu likaandikwa kwamba ni la kisima. Kosa la pili ni kupima mara moja tu. Chukua moja mwishoni mwa kaskazi, Machi, ardhi ikiwa imekauka, na nyingine baada ya masika. Maabara ikitumia njia ya rangi, yaani dawa inayobadilika rangi kadiri ya floraidi, klorini na shabu iliyobaki kwenye maji hupotosha jibu, kwa hiyo sampuli itoke kabla ya maji kutiwa dawa. Kipimo cha elektrodi, kijiti kinachotumbukizwa majini na kusoma floraidi, ndicho cha kutegemea.

Jibu likirudi 1.4, watu hushangilia kwamba liko chini ya 1.5. Hapo tungoje kidogo. Mwongozo wa 1.5 wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unazitaka nchi zizingatie hali ya hewa na kiasi cha maji wanachokunywa watu. Mwaka 1957 Galagan na Vermillion wa Marekani walitoa kanuni ya kukadiria kiwango kinachofaa kwa joto la mahali. Kwa mji wenye joto la juu la nyuzi 30, kama Malindi, kanuni inatoa takribani 0.7. Au lifanyie hesabu ya mtoto. Ana miaka miwili, kilo 12, na kwa siku anapata lita moja ya maji hayo kwa jumla, ukiunganisha ya kunywa, uji na mchuzi. Kwa maji ya 1.5 amepata miligramu 1.5, sawa na 0.125 kwa kila kilo ya mwili. Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka mwaka 1997 ukomo wa 0.1 kwa watoto wa hadi miaka minane. Maji yaliyopasi yamempitisha mtoto mpaka, kabla hata hajaonja kitu kingine. Kwa pwani, kisima cha chekechea kinachozidi 0.7 kinastahili kuulizwa maswali, na hilo kaunti inaweza kulifanya kuwa utaratibu wake bila kusubiri Nairobi.

Tuna bahati moja ya kimaumbile. Manji, Baelum na Fejerskov walipolinganisha watoto wa Kenya mwaka 1986, waliona florosisi ikiongezeka kadiri mahali panavyoinuka kutoka usawa wa bahari, hata floraidi ya maji ikiwa ndogo. Sisi tuko chini kabisa. Tusiitegemee mno.

Na vitu vingine vinavyomletea mtoto floraidi, mbali na maji, ni vipi? Chai ya rangi, kwanza. Mchai hukusanya floraidi kwenye majani, na zaidi kwenye majani makuukuu yanayoishia kwenye pakiti za bei ya chini. Kikombe kinaweza kutoa kiasi cha miligramu 1 hadi 5 kwa lita, kutegemea majani na muda wa kuchemka. Mtoto wa miaka miwili anayemalizia chai ya mkubwa kwa mahamri, asubuhi na jioni, amejiongezea mzigo wa maana. Pili, magadi. Hapa pana mkanganyiko wa dukani: magadi ya unga ya kuumulia ni bidhaa iliyosafishwa, na hayahusiki. Ya kuogopwa ni magadi ya mawe, yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na kutiwa kwenye maharagwe, kunde na mboga ngumu ziive upesi. Watafiti nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta vijiji vyenye maji yasiyo na floraidi ya kutisha ila watoto wana florosisi kali, na njia ikaishia kwenye magadi ya jikoni. Kwa hiyo mkaguzi asiishie kisimani. Aombe kuona kilicho kwenye kopo la jikoni.

Tatu, dawa ya meno, na hapa nashauri pole pole, kwa sababu mzazi aliyeogopeshwa huiacha kabisa, na kuoza kwa meno pwani, penye halwa, kashata na juisi za sukari, ni adui mkubwa kuliko madoa. Dawa yenye floraidi ya 1,450 ppm (sehemu kwa milioni) ina miligramu 1.45 katika kila gramu. Matangazo huonyesha mswaki umejazwa kutoka ncha hadi ncha, na hiyo ni gramu nzima. Chini ya miaka mitatu weka punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere. Mtu mzima ndiye aiweke na asimamie kutemwa. Yenye ladha ya matunda humezwa zaidi.

Sasa kisima kimepimwa, kina miligramu 3. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha: lita 10 zikichemka zikabaki 8, floraidi imeongezeka kwa robo. Dawa ya klorini huua vijidudu basi. Chujio la mchanga na mtungi wa udongo wa kawaida haviitoi. Mitambo ya kuondoa chumvi, ambayo hoteli zetu na sehemu za Lamu wanaijua vizuri, huondoa na floraidi pia, sehemu kubwa yake. Ukiwa nao tayari kwa ajili ya chumvi, kazi umemaliza, mradi umeme upo na utando wa ndani unabadilishwa. Njia ya shabu na chokaa iliyotoka India inafanya kazi kwa ndoo: koroga kwa nguvu, kisha taratibu, acha itue saa moja, mimina ya juu. Huharibika kwa sababu kipimo cha shabu kinategemea maji yenyewe, na mpishi wa shule hukadiria kwa jicho. Ikizidi, maji huwa makali na hubaki na aluminiamu.

Mkaa wa mifupa ndio uliofanyiwa kazi zaidi Kenya, kupitia mpango wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru. Mfupa huchomwa bila hewa ya kutosha kwenye nyuzi 400 hivi. Ukiwa mweusi tii haujaiva, utatoa harufu na rangi. Ukiwa mweupe umeungua na nguvu zake zimepotea. Wa kijivu cheusi ndio wenyewe. Chujio hushiba likaacha kufanya kazi bila kutoa ishara yoyote, kwa hiyo bila kupima maji yanayotoka, kila baada ya miezi mitatu, ni pambo. Na kwetu kuna swali la mbele zaidi: mifupa ya mnyama gani, na alichinjwa vipi? Lipelekwe kwa masheikh na wazee kabla ya mradi kufika. Likiibuka chujio likiwa limeshafungwa, watu watarudi kisimani usiku, na hawatakuwa wamekosea kukasirika.

Kwa hali ya pwani, jibu jepesi liko juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Wa Pate, Siyu na Faza, huko Lamu, wamekunywa ya jabia, tangi la kujengwa la maji ya mvua, kwa vizazi. Paa la makuti halifai, hutoa maji ya rangi na takataka, lakini madarasa mengi ni mabati. Paa la mita mraba 200, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea: lita 160,000. Shule ya watoto 300 wanaokunywa lita moja kila mmoja kwa siku 195 za masomo huhitaji 58,500. Maji yapo, kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka Januari hadi Machi, miezi mikavu. Muhula huo wa siku 65 unataka lita 19,500, yaani matangi mawili ya 10,000, yakiwa yamejaa Desemba. Na Desemba shule zimefungwa. Mifereji ya paa isiposafishwa Oktoba kabla ya vuli, na lita 200 za mwanzo zisipoachiwa zimwagike na kinyesi cha ndege, watoto watarudi Januari wakute matangi nusu na funza. Bomba lake lifungwe kufuli, litumike kwa kunywa na kupikia tu. Sakafu na choo vioshwe kwa kisima. Yasipotosha, changanya: ndoo moja ya kisima chenye 3 kwa ndoo nne za mvua hushuka hadi 0.6.

Wenye madoa tayari wasiahidiwe miujiza. Daktari wa meno anaweza kukwangua tabaka jembamba kwa dawa maalumu, kujaza vinyweleo kwa utomvu, au kufunika uso wa jino, kwa mpangilio huo wa ukali. Kabla ya hapo mwalimu akomeshe majina ya kejeli darasani, maana mtoto anayefunika mdomo kwa kiganja haombi ruhusa ya kujibu swali.

Rudi kwenye kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti zahanati, huduma za maji na elimu ya chekechea. Shule ya msingi imebaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo umri wa florosisi kutengenezwa ni wa Kilifi na wa Lamu, na umri wa kuonekana ni wa Nairobi. Ndiyo maana kila mmoja anamtazama mwenzake. Mtoto huletwa kliniki kwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, kabla ya kipindi cha hatari zaidi, na tena miezi 18, ndani yake kabisa. Muuguzi ana dakika moja ya kuuliza: "Mama, maji ya kunywa mnachota wapi, na kwenye maharagwe mnatia magadi gani?" Jibu liandikwe kwenye kijitabu cha mtoto, na jina la kisima lipelekwe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi. Hakuna bajeti mpya hapo. Na kwa kisima chochote cha fedha za umma, mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho kabla cheti cha maabara hakijaletwa kikiwa na safu ya floraidi iliyojazwa, pembeni ya ile ya chumvi na ya vijidudu, na nakala yake ikapigiliwa kwenye kibanda cha pampu, kwa Kiswahili.